Uholanzi iliuza vifaru pamoja na ujuzi wake

Wiki iliyopita, kwenye kundi letu la WhatsApp la Waswahili tunaoishi huku Uholanzi, ndugu mmoja aliweka picha ya Leopard 2A8, kifaru cha vita cha Kijerumani, akatangaza kwa furaha kwamba jeshi la huku limeagiza 46. Pongezi zikamiminika. Mimi nilishindwa kupongeza. Ninachokiona pale ni nchi inayolipia kosa la mwaka 2011.

Miaka ya 1980 Uholanzi ilinunua Leopard 2 zipatazo 445, ikaziboresha hatua kwa hatua. Kwanza toleo la A5: deraya ya mbele ikaongezwa unene, na kichwa cha kifaru kikaanza kuzungushwa kwa umeme badala ya haidroliki, maana mafuta ya haidroliki yakipigwa hushika moto na askari wamo ndani. Kisha 188 zikawa toleo la A6, mtutu ukarefuka kutoka mita 5.28 hadi 6.6 ili kombora litoke kwa kasi zaidi. Hiyo ni kazi ya miaka mingi. Aprili 2011 waziri wa ulinzi, Hans Hillen, akatangaza kwamba vifaru vyote vilivyobaki vinaondolewa. Tarehe 18 Mei kombora la mwisho likapigwa Bergen-Hohne, Ujerumani. Mwaka 2014 Finland, yenye mpaka mrefu na Urusi, ikakubaliana nao kununua 100 kwa takriban euro milioni 200.

Haya, nakubali hali ya fedha ilikuwa mbaya, na ulinzi ulitakiwa kupunguza karibu euro bilioni 1. Kupunguza naelewa. Kung'oa mpaka mzizi sielewi mpaka leo.

Jirani yangu wa ghorofa ya chini ni mzee aliyetumia ujana wake kupakia makombora ndani ya Leopard. Siku moja, tukinywa kahawa jikoni kwake, alinionyesha kazi yenyewe kwa chupa ya maji. Kombora lina kilo 20 hivi. Unalikumbatia, unalielekeza kwenye tundu la mzinga, kisha unalisukuma kwa ngumi iliyokunjwa, si kwa kiganja. Pale nyuma kuna pande la chuma linalopanda lenyewe kufunga mara tu kombora linapoingia. Ngumi itasukumwa juu ikae salama. Vidole vilivyonyooshwa vitabaki humo. Na yote hayo ni sekunde chache, gari likiruka matuta, kamanda akipiga kelele masikioni. Alirudia mara tatu, taratibu, akaniambia nijaribu. Nilinyoosha vidole. Aliupiga mkono wangu kofi papo hapo, bila kufikiri, kama alivyokuwa akiwapiga vijana wake miaka thelathini iliyopita.

Kofi lile ndilo lililouzwa mwaka 2011. Jambo kama hilo unaweza kuliandika kwa mstari mmoja, lakini mkono kulizoea huchukua miezi, na anayelifundisha lazima awe amelifanya. Vikosi vilipovunjwa, watu wale walitawanyika: wengine vikosi vingine, wengine uraiani. Kilichobaki ni uzi mwembamba. Tangu 2016, Waholanzi kama 100 wanatumikia ndani ya batalioni ya Kijerumani ya 414, na vifaru vyao 18 ni vya kukodi kutoka kwa Wajerumani.

Wanaosema droni zimemaliza kifaru watazame Ukraine: pande zote mbili bado wanavipeleka vitani, wakivifunika nyavu na vizimba vya chuma. Ubelgiji nayo iliachana na Leopard 1 zake mwaka 2014. Haja ya kuisaidia Ukraine ilipokuja, vifaru vile vilikuwa kwenye ghala la mfanyabiashara.

Denmark ni ndogo kuliko Uholanzi, haifiki hata nusu yake kwa watu. Lakini haikuacha. Leopard 1 zake zilipiga makombora 72 usiku mmoja karibu na Tuzla, Bosnia, Aprili 1994, chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa. Mwaka 2007 ikapeleka Leopard 2 Helmand, Afghanistan. Mwaka 2016 ikasaini mkataba wa kuzigeuza toleo jipya zaidi, A7DK, na hesabu ikafika 44. Vifaru kiduchu, ila aliyejifunza kwenye kile cha zamani ndiye anayemfundisha kijana kwenye kipya.

Mkataba wa zile 46 umesainiwa 2025 na vifaru vyenyewe bado vinatengenezwa, kwa hiyo muda upo. Wale mia moja wa batalioni ya 414 asihamishwe hata mmoja. Wapandishwe vyeo, walipwe vizuri, waanze sasa kufundisha. Na wastaafu waitwe, hata kwa siku mbili za wiki. Nilimuuliza jirani kama angekwenda. Akasema magoti hayamruhusu tena kupanda kifaru, ila angewekewa kiti tu pembeni, awatazame vijana mikono.