Filamu ya milimita 0.1 na nambari yako ya siri

Ukitaja laini nyembamba ya Equitel, ile filamu ya benki ya Equity iliyobandikwa juu ya laini ya simu, mbele ya watu wanaofuatilia mambo ya simu Nairobi, jibu huja haraka. Kuna atakayekuambia Safaricom ilikuwa ikilinda mfuko wake, usalama ukawa kisingizio. Mwenzake atasema benki ilitaka kubandika jasusi juu ya M-Pesa. Huyu wa pili ana hoja ya kiufundi nzito kuliko watu wanavyomkubalia. Lakini wa kwanza ndiye ambaye kesi yake haijawahi kuelezwa vizuri, kwa kuwa waliomtetea walihubiri ushindani tu na chipu yenyewe wakaiacha.

Kwa ufupi: mwaka 2014 Finserve, kampuni tanzu ya benki ya Equity na mwenye Equitel, ilipewa leseni ya kutoa huduma za simu bila kumiliki minara, ikipanga kwenye mtandao wa Airtel. Ili mteja asilazimike kuacha laini yake, ikaleta filamu ya kampuni ya Taisys ya Taiwan, inayobandikwa juu ya laini yoyote. Safaricom ikapinga. Mamlaka ya Mawasiliano ikaruhusu majaribio ya mwaka mmoja, na 2015 Mahakama Kuu ikatupilia mbali ombi la kuizuia.

Laini ya simu ni kompyuta. Ina kichakataji, kumbukumbu ya makumi ya kilobaiti, na programu ndogo zinazoandikwa kwa lugha ya Java Card. Programu hizo huiamuru simu: onyesha menyu, uliza tarakimu, tuma ujumbe mfupi. M-Pesa ilizaliwa humo Machi 2007, ndiyo maana ilikubali hata kwenye kabambe, simu ndogo ya vitufe isiyojua intaneti ni nini. Ila ufunguo wa kuingiza programu humo anao mwenye mtandao peke yake. Benki, Sacco au kampuni ya bima haiweki menyu yake kwenye laini ya Safaricom mpaka Safaricom ikubali. Filamu ilikuwa njia ya kupitia paani baada ya kunyimwa mlango.

Kuibandika ni kazi ya dakika mbili kwa mwenye mkono mtulivu. Unatoa laini, unapangusa viguso vyake vya rangi ya dhahabu kwa kitambaa kikavu, unabandua karatasi ya gundi, unalinganisha kona iliyokatwa, unakandamiza. Filamu ina viguso pande zote mbili: vya juu hugusana na simu, vya chini na laini. Ikiteleza kidogo, kiguso cha data hakimpati mwenzake na simu inakuambia uweke laini. Unene nao ni taabu. Laini ya kawaida ina milimita 0.76, na nafasi yake kwenye kabambe ina ulegevu. Laini ndogo ya nano ina 0.67 na trei yake imebana, ongeza 0.1 na filamu inakwaruzwa ikiingia, inajikunja, na usipoangalia unapeleka simu kwa mafundi wa Luthuli ikiwa na pini iliyopinda. Isitoshe, filamu inakula umeme uleule wa laini na lazima ijibu kwa wakati. Ikichelewa bila kuomba muda, simu huiwasha laini upya na menyu hupotea. Tena nambari mbili hazikai hewani pamoja: ukihamia ya filamu, anayekupigia kwa ile ya zamani anaambiwa hupatikani.

Tuje kwa nambari ya siri. Ukichagua kutuma pesa, laini huiarifu simu kwamba ina amri ya kuchukuliwa. Simu inaichukua, amri inasema, uliza tarakimu nne, zisionekane kwenye kioo. Unabonyeza. Simu inazirudisha tarakimu zile kwenye laini zikiwa wazi kabisa, kwa sababu ufichaji hufanyika ndani ya laini, si kabla ya hapo. Na njia hiyo ya kurudi inapita kwenye filamu. Kwa hiyo filamu yenye programu mbaya inaziona. Hata zaidi: inaweza kujifanya simu, ikaichagulia laini menyu, ikajibu swali la nambari ya siri kwa ile iliyoihifadhi, kisha ikauachia ujumbe uliofichwa utoke. Pesa imeondoka bila kidole chako kugusa kitu. Hizo si porojo za wanasheria. Ndivyo viguso vilivyopangwa.

Lakini ifuate hofu hiyo hadi mwisho wake. Funguo za siri zilizo ndani ya laini hazitoki, hivyo filamu haiwezi kuinakili. Ujumbe wa kuthibitisha muamala huingia kwenye kumbukumbu ya simu bila kupita kwenye laini, isipokuwa kwa simu kuukuu zinazohifadhi ujumbe humo, kwa hiyo wizi ungeonekana papo hapo. Na programu ya filamu haiandikwi na mpita njia: inalindwa kwa funguo zilizo mikononi mwa aliyeitoa. Aliyeitoa hapa ni benki yenye leseni, pengine ileile inayopokea mshahara wako.

Bila filamu, benki ilikuwa ikimfikia vipi mwenye kabambe? Kwa nyota na reli. Mteja anabonyeza *247#, anaandika nambari yake ya siri ya benki, nayo inasafiri ikiwa imefichwa hewani tu, kati ya simu na mnara. Ikishafika kwenye mitambo ya kampuni ya simu, inaweza kusomeka. Yaani nambari ya siri ya mteja wa benki hupita nyumbani kwa mshindani wa benki, na mshindani huyohuyo anatoza kila kikao. Kikao kikikatika katikati, mteja anailaumu benki. Jambo hili halikuzua hata robo ya kelele za filamu, ingawa ni hofu ileile ikiwa imegeuzwa upande, tena hii haihitaji programu mbaya yoyote; ndivyo huduma inavyofanya kazi siku zote. Filamu iliipa benki uwezo ambao M-Pesa ilikuwa nao tangu mwanzo: kuificha nambari ya siri ndani ya chipu kabla haijagusa mtandao wa mtu mwingine. Anayesema benki ilikuja kuchungulia, aeleze pia nani alikuwa dirishani kabla yake.

Wala laini ya kawaida si takatifu. Mwaka 2013 Karsten Nohl wa Ujerumani alionyesha kwamba baadhi ya laini duniani zililinda mlango wa programu kwa ufunguo wa DES, mtindo wa zamani wa ufichaji, wa biti 56, unaovunjwa kwa dakika chache. Ukishauvunja unaingiza programu yako kwa ujumbe mfupi usioonekana.

Sharti la maana kwa filamu lingekuwa kukaguliwa programu yake na maabara huru: kwamba amri za laini ya chini zinapitishwa bila kuguswa wala kuhifadhiwa, na kwamba hakuna programu mpya inayopakiwa kupitia hewani bila kuacha kumbukumbu ambayo Mamlaka inaweza kuisoma. Hilo ni jambo la kupimika. Linganisha na vile vichipu vya kufungulia iPhone zilizofungwa kwa mitandao ya Marekani: hutumia ujanja uleule wa kukaa kati na kuidanganya simu kuhusu utambulisho wa laini, haijulikani nani aliviandika, na hukaa juu ya laini ileile yenye M-Pesa. Hivyo havikupelekwa mahakamani, labda kwa sababu havikuwa na menyu ya benki.

Sasa inakuja eSIM, ambayo haina kiguso cha kubandikia kitu. Chipu imechomelewa kwenye bodi ya simu, paa limezibwa, na benki inayotaka menyu humo itarudi kubisha hodi kwenye mlango uleule wa 2014.