Gego langu lilivujia ukingoni

Siku hizi mtu akienda kuziba jino huuliza kwanza: litakuwa jeupe? Mimi pia niliuliza hivyo. Haikutimia miaka miwili, uzi wa kahawia ukawa umezunguka ukingo wa kizibo, na nikinywa maji baridi nashika shavu. Kizibo chenyewe kilikuwa kizima, hakina hata ufa. Gundi ndiyo iliyoachia.

Fundi wa majahazi pale Matondoni, kijiji cha Lamu, hahitaji kuelezwa haya. Ubao uwe mzuri namna gani, maji huingilia kwenye maungio, ndiyo maana chombo hukalafatiwa, maungio yakashindiliwa pamba. Resini, ile plastiki nyeupe ya kuzibia jino, ikipigwa taa hugeuka ngumu na kunywea, kama asilimia 2 au 3 ya ujazo wake, huku ikivuta kuta za tundu. Gundi ikiwa dhaifu unabaki mwanya usioonekana kwa macho, na humo hupita mate, rangi ya kahawa na bakteria.

Tangu daktari wa meno Buonocore aonyeshe mwaka 1955 kwamba asidi hukwaruza enameli, gamba gumu la nje la jino, ikashika resini, upande huo hausumbui sana. Taabu iko kwenye dentini, sehemu ya jino iliyo chini ya enameli, hasa chini karibu na ufizi, kwa sababu ina unyevu na nyuzi za protini ya kolajeni. Hakuna gundi inayoziba hapo moja kwa moja isivuje kamwe.

Lakini nasema wazi: mara nyingi kosa haliko kwenye chupa ya gundi, liko kwenye haraka. Mara ya kwanza foleni ilikuwa ndefu. Pamba ililowa mate, nikafunga mdomo mara mbili, kazi ikaendelea tu. Mara ya pili daktari alilivalisha gego kipande cha mpira cha kuzuia mate, akapaka jeli ya buluu yenye asidi, akaiosha, akasugua gundi kwa kibrashi kwa sekunde 20, akapuliza hewa taratibu mpaka ikaacha kutembea, ndipo akawasha taa. Resini akaiweka tabaka kwa tabaka. Taya liliniuma, na sijutii.

Na pasipoweza kukaushwa, daktari aseme. Saruji ya glasi ayonoma, aina nyingine ya kizibo, haipendezi kama resini, lakini hushikana na jino yenyewe na huvumilia unyevu zaidi. Mimi ningeichukua.

Dada yangu ana tundu chini kabisa, ufizini, na wiki ijayo anavuka kwenda kuliziba. Nimemwambia kabla ya kuuliza rangi aulize: hapo patakauka?