Kesi za kamera na GPS zinafia kaunta ya polisi

Kila wizi wa kimtandao unapotikisa nyumbani Tanzania, wito ni uleule: tununue mitambo, tujenge maabara, tupeleke wataalamu wakasome nje. Sipingi. Ila tangu nihamie Birmingham nikaona polisi wa huku wanavyofanya kazi, naamini kesi zetu nyingi hazifiki hata kwenye hiyo maabara. Zinafia mikononi mwa askari wa zamu ambaye hajawahi kufundishwa afanye nini akikuta kamera ya Wi-Fi ukutani.

Duka la mjomba wangu Morogoro lilivunjwa usiku. Ndani alikuwa na kamera, zile ndogo za Kariakoo zinazozungusha kichwa, ambayo huitazama kwenye simu yake. Askari walifika asubuhi, wakachukua maelezo, wakatoa RB, ile namba ya taarifa ya kituoni, kisha mmoja wao akaichomoa kamera na kuondoka nayo. "Mama, wamesema ni kielelezo," mjomba akaniambia. Nikamuuliza kama kuna aliyemwomba afungue programu kwenye simu yake waangalie picha pamoja, au aliyetazama saa ya kamera. Hakuna. Video zenyewe zilikuwa kwenye akaunti ya mtandaoni ambayo fundi alimfungulia, na zinajifuta baada ya siku chache. Mpelelezi alipokuja kuziulizia, zilishapotea.

Kwenye memori kadi vilibaki vipande, navyo vilionyesha 07:00. Wizi ulitokea saa nane usiku. Tangu inunuliwe, kamera ile haikuwahi kurekebishwa saa. Ilikuwa inasoma saa za China, zilizotutangulia kwa saa tano. Askari aliyefundishwa angeshika simu yake kando ya picha ya kamera, akaandika tofauti ya saa kwenye daftari, akapiga picha. Ni kazi ya dakika mbili. Asipoifanya, wakili wa utetezi atasimama na kuuliza ni saa moja gani ya asubuhi ambayo Morogoro bado ni giza totoro, na upande wa mashtaka utabaki unatazamana.

Huku mtaani kwetu magari yalivunjwa vioo. Askari aliyekuja alikuwa kijana wa kawaida wa doria, wala si mtaalamu wa kompyuta. Alipita nyumba zenye kengele za kamera, akauliza kila mmoja kama saa ya kifaa chake iko sawa, kisha akatutumia kiungo kwa simu ili kila mwenye video aipakie yenyewe kama ilivyorekodiwa. Hakuchomoa kitu. Msingi wa mwongozo wa polisi wa Uingereza kuhusu ushahidi wa kidijitali ni kwamba usifanye jambo litakalobadilisha data; ikibidi uiguse, uwe na ujuzi na uweze kuieleza mahakama ulifanya nini na kwa nini, na kila hatua iandikwe.

Msidhani huku ni peponi. Mwaka 2022 wakaguzi wa polisi wa England na Wales walikuta vifaa zaidi ya 25,000 vinasubiri kuchunguzwa, na waathirika wanasubiri navyo. Nchi yenye fedha zote hizo bado maabara zake zinaelemewa. Kwetu, askari asiyejua achukue nini na aache nini atazijaza simu, ruta (vifaa vya kusambaza Wi-Fi) na kamera kwenye stoo ya kituo hadi lini?

Sheria tunazo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ni ya mwaka 2015, ingawa wananchi wengi wanaijua kwa kesi za maneno yaliyoandikwa mitandaoni, na hilo linaniuma. Mwaka huohuo ilipita Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, inayoitaka mahakama ipime ushahidi wa kielektroniki ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na kama haukuchezewa. Yaani sheria inamdai askari kitu ambacho yeye hajafundishwa. Pa kuanzia ni Shule ya Polisi Moshi, kwa kila kuruta, kisha Polisi Kata, ambao ndio wanaofika kwanza.

Wapo watakaosema kamera ya duka ni jambo dogo. Mwaka 2016 mtandao wa kampuni ya simu ya Lonestar nchini Liberia uliangushwa kwa mashambulizi yaliyotumia maelfu ya kamera na ruta za watu wasiojua lolote, zilizotekwa kwa kuwa bado zilikuwa na nenosiri la kiwandani. Aliyefanya ni Muingereza, Daniel Kaye, aliyelipwa na mtu wa kampuni pinzani. Alikamatwa uwanja wa ndege wa Luton mwaka 2017, na Januari 2019 mahakama ya London ikamfunga miezi 32. Tangu tarehe 29 Aprili 2024 Uingereza imepiga marufuku kuuza vifaa vya namna hiyo vikiwa na nenosiri moja la kiwandani, kama "admin" au "12345". Ya mjomba ilikuwa nalo hadi siku iliyochomolewa.

Ninaloliwazia zaidi, hata hivyo, ni Dawati la Jinsia na Watoto. GPS zimejaa sasa kwenye bodaboda, bajaji na magari madogo, na mwenye simu anaona chombo kiko wapi, wakati mwingine anaweza hata kukizima injini akiwa mbali. Kifaa hichohicho kikiwa mikononi mwa mume anayempiga mkewe ni silaha. Huku Uingereza mwaka 2018 mwanamume alifungwa kwa kumsikiliza mke waliyetengana kupitia tableti ya ukutani iliyokuwa ikiendesha taa na joto la nyumba. Mama anayefika Dawatini akisema "kila ninapokwenda anajua" asiambiwe ana wasiwasi tu. Aulizwe simu yake nani aliifungua mara ya kwanza, nani anajua nenosiri, gari limefungwa nini. Wala asiambiwe azime kila kitu palepale kituoni, kwa sababu mume ataona kwenye simu yake kwamba GPS imezimwa, na kama hakuna aliyempangia mama huyo pa kulala, jioni atarudi nyumba ileile.