Wazazi wa Dar, muulizeni ajenti wa vyuo analipwa na nani

Hizi semina za "soma Uingereza" zinazofanyika kwenye mahoteli ya Posta na Masaki nendeni tu, mi siwezi kumwambia mtu abaki nyumbani wakati mwenyewe niko huku Uingereza na shule za huku naziona, maabara zina vifaa, mwalimu ukimtumia imeili anajibu. Ila pale mbele huwa hawasemi kitu kimoja: ajenti anayekwambia huduma yake ni bure analipwa kamisheni na chuo, mtoto wako akishalipa ada na yeye anapata chake. Biashara halali kabisa, lakini ndo maana atakusifia vyuo alivyosaini navyo mkataba, kile kisichomlipa hutokisikia hata kama kozi yake ni nzuri na bei nafuu.

Kinachoniuma zaidi ni ile "atafanya kazi ajilipie ada". Jamani! Visa ya mwanafunzi wa digrii huku inaruhusu masaa 20 tu kwa wiki kipindi cha masomo. Kima cha chini cha mshahara kwa mtu wa miaka 21 na zaidi kuanzia Aprili 2025 kilikuwa paundi 12.21 kwa saa, piga hesabu, hata paundi 250 kwa wiki ilikuwa haifiki, hapo chumba, nauli na msosi vinaisubiri, na ada ya mwanafunzi wa kigeni ni paundi elfu kumi na kitu kwa mwaka na kuendelea, itatoka wapi? Nawaona watoto waliomaliza fomu siksi juzi tu wanabeba boksi usiku asubuhi wanasinzia darasani, na nyumbani kiwanja cha Chanika kishauzwa kwa hiyo kwenye simu wanasema "niko poa mama". Mtoto wa UDSM akiishiwa anapanda daladala mpaka kwa shangazi Mbagala, anakula, analala, kesho anapewa na nauli. Huku shangazi hayupo.

Alafu wengine wanaambiwa ukifika utamvuta mke na watoto. Toka Januari 2024 wanafunzi wengi wapya hawaruhusiwi tena, wanaobaki ni kama wale wa PhD.

Kwa hiyo siku ya semina nyoosheni mkono mbele za watu, muulizeni chuo hiki kinakulipa shingapi kwa kila mwanafunzi, na una mkataba na vyuo gani. Alafu kiandikieni chuo wenyewe, kuomba moja kwa moja inawezekana, na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) mkaulize mapema kama hiyo digrii itatambulika, kabla hamjatafuta mteja wa kiwanja.