Mjomba, Sema "Bien" Basi

Mjomba wangu ni mtu wa Tanga. Kwake yeye, kumpita mtu mzima bila kumjulia hali ni sawa na kumtukana. Alipokuja kunitembelea Valencia, hakuuliza bahari iko wapi. Aliuliza Wahispania wanasalimianaje.

Nikampa ya msingi. Rafiki au kijana ni "¿cómo estás?", yaani u hali gani. Mtu mzima usiyemzoea ni "¿cómo está usted?", na hiyo "usted" unaweza kuiacha, kitenzi chenyewe kimeshabeba heshima. Wakiwa wengi, Hispania ni "¿cómo estáis?", ila Meksiko na Kolombia utasikia "¿cómo están?" H ya "hola", yaani hujambo, haitamkwi. Jibu ni "bien, gracias, ¿y usted?", nzuri, asante, na wewe?, basi, kila mtu ashike njia yake.

"Na watoto? Na kazi? Na shamba?"

"Hapana, mjomba. Ukimwuliza mtu wa kwenye lifti habari za shamba, atadhani wewe ni dalali wa viwanja."

Akataka walau neno la kuweka pale penye alhamdulillahi. Nikampa "gracias a Dios". Ningejua!

Balaa la kwanza lilikuwa mkazo. Sisi hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na ulimi haujui kwamba umevuka mpaka. "Está" hukazwa mwishoni, ndiyo maana a yake imewekewa alama. Ukikaza mwanzo unapata "como esta", yaani "kama huyu", na huyo ni wa kike. Sasa ndani ya lifti tukamkuta jirani wa ghorofa ya 5, bibi mwenye mvi zilizochanwa vizuri, na kijibwa chake jike. Mjomba akavua kofia, akainama kwa adabu zote za Tanga: "Komo ESta?"

Bibi akamtazama mbwa. Akamtazama mjomba. Akamvutia mbwa nyuma ya miguu yake.

Nikaingilia kati, bibi akacheka, akasema yuko salama, "¿y usted?"

Hapo ndipo likaja balaa la pili. Jana yake bawabu alitwambia mjukuu wake "está malo", nami nikamfasiria mjomba kuwa mtoto anaumwa. Mjomba ni mwalimu mstaafu wa hesabu. Kimyakimya akapiga hesabu yake: kama malo ni mgonjwa, basi bueno ni mzima. Hesabu haina kasoro, tatizo ni Kihispania. Chakula kikiwa "está bueno" ni kitamu. Mtu akiwa "es bueno" ana roho nzuri. Lakini mtu akisema "estoy bueno", hasa huku Hispania, anatangaza kwamba umbo lake linatamanisha. Mwenye afya yake husema "bien".

Mjomba akaweka mkono kifuani. "Estoy bueno, señora. Muy bueno. Gracias a Dios."

Lifti ile ya watu 4 ilikuwa bado ghorofa ya 2. Bibi akampima kuanzia kofia hadi kandambili, bila haraka.

"Y modesto," akasema. Na mnyenyekevu pia.

"Kasemaje?"

"Kakusifu tabia, mjomba."

"Unaona!"

Kesho yake habari zilikuwa zimeshafika dukani kwa mikate. Muuzaji akamwuliza mbele ya foleni nzima kama leo pia "está bueno". Mjomba akajibu "sí" kwa sauti ya kuita darasa, watu wakapiga makofi. Njiani nikamweleza yote, moja baada ya jingine. Akanisikiliza, akatafuna mkate.

"Mbona wao wanafurahi? Ile 'bien' yako nimeitumia kwa bawabu, hata hakuinua uso."

Akaendelea na yake mpaka anaondoka. Siku ya mwisho alirudi na mkate mkononi, uso unang'aa: muuzaji kamwambia "¿qué le pongo, guapo?", nikupe nini, mtanashati? Wauza mikate wa Hispania humwita hivyo hata mteja aliyekuja kulalamika. Sikumwambia.