Kenda, Sita, Mbili

Mimi nakaa Makorora hapa Tanga, ofisi iko Dar. Bosi alipotuambia tufanyie kazi nyumbani nilifurahi kama mtoto wa Idi. Sikujua nitakuwa nabisha hodi kwenye ofisi yangu mwenyewe asubuhi nzima.

Nikienda ofisini kwa miguu yangu, wallahi, mlinzi hata hainui kichwa kwenye gazeti. Lakini kuingia humo kwa laptopu sharti upite kwenye VPN. Vijana wa kompyuta wanasema ni handaki ndani ya intaneti: kila kinachopita kimefungwa kwa fumbo, mwizi akikidaka haambulii kitu. Sawa. Mwizi haambulii kitu, na mimi mwenye kazi pia siambulii kitu.

Kwanza nywila. Nikaandika jina la samaki, changu. Ikajibu: dhaifu. Dhaifu! Walishamla changu wa kupaka hawa?

Halafu zinakuja tarakimu 6 kwenye simu, uhai wake sekunde 30. Jamani, namba za LUKU ni 20 na zinakusubiri kwa adabu mpaka utafute kiti upande kwenye mita. Hizi 6 zina haraka ya wapi?

Tatizo lenyewe ni hili. Betri ya laptopu ilishakufa, haiwezi kubanduka kwenye soketi ya chumbani. Simu ndiyo inayorusha mtandao, na mtandao unashika dirishani sebuleni tu, kwa hiyo nimeifunga kwenye nondo kwa mpira wa madaftari. Nikiibandua nisome namba, mtandao unakatika. Nikisoma palepale nikakimbia chumbani, nafika namba zimeshazeeka. Ikabidi nimwajiri mama.

"Kenda… sita… hii mbili au saba? Ngoja nivae miwani."

Namsikia anafungua kabati. Anafunga kabati. Anarudi.

"Mwanangu, hizi si zile tena. Nani anazichezea?"

Mara ya tano tukaingia. Nikashusha pumzi, nikaamuru printa itoe ripoti. Printa iko hapa, goti langu linaigusa, laptopu inasema haioni printa yoyote. Kumbe ukishaingia handakini, kompyuta inajiona iko Dar, ya nyumbani haiyajui tena. Kama wale vijana wetu wanaopanda basi asubuhi, jioni wanakupigia simu kwa lafudhi ya Kariakoo.

Siku hizi mama amezoea. Saa mbili kamili anaburuta kiti dirishani, miwani puani, anapaza sauti nimsikie chumbani. Ofisi walitusainisha karatasi kwamba namba hizi ni siri, asizijue hata mke. Jana muuza kahawa kapita na birika lake, akasimama chini ya dirisha, akagonganisha vikombe:

"Bi mkubwa, leo umechelewa. Inaanza na kenda tena?"