Bango la Video Lisiachwe Hadi Usiku wa Mwisho

Ukipita kwenye mbao za matangazo za vyuo vya Mbeya na Iringa, utakutana na mabango ya video za nyimbo zilizotengenezwa na wanafunzi, na mengi yana sura moja: msanii amekatwa kutoka kwenye picha fulani, amebandikwa mbele ya maghorofa ambayo hayapo popote Nyanda za Juu Kusini, jina la wimbo limeandikwa kwa herufi za dhahabu zenye kivuli, na sehemu ya chini imejaa nembo na namba za simu. Ukiitazama video yenyewe unakuta habari nyingine kabisa. Kuna ukungu, kuna shamba la viazi, kuna kijana aliyevaa koti linalompwaya akiimba kwa hisia. Bango na video havijuani.

Wengi husema hali hii inatokana na uhaba wa vifaa, na wengine huilaumu mitandao kwa kuwafundisha vijana kuiga. Mimi naona tatizo kubwa ni ratiba. Bango, kava la wimbo na ile picha ndogo inayomfanya mtu abofye YouTube hufikiriwa baada ya kila kitu kwisha, wakati kikundi kimechoka, fedha zimeisha na tarehe ya kuwasilisha kazi imefika. Msimamo wangu ni kwamba picha ya bango ipangwe pamoja na video na ipewe muda wake siku ileile ya kurekodi, tena muda wenye mwanga mzuri.

Anayejua maisha ya chuo anaifahamu safari ya bango la usiku wa mwisho. Inaishia steshenari. Kijana wa steshenari anafungua kompyuta yenye mafaili ya kadi za harusi, fulana za mahafali na vipeperushi vya mikutano ya injili, kisha anauliza, "Mdogo wangu, picha iko wapi?" Mwanafunzi anamtumia kwa WhatsApp fremu, yaani picha moja iliyosimamishwa ya video, aliyoichukua kwa kupiga picha kioo cha simu. Kijana anamkata msanii kwa kipanya, sikio moja linapotea pamoja na kipande cha nywele, na ili kuficha kasoro anaweka mng'ao wa bluu kuzunguka kichwa. "Kaka, na gari nyuma liwepo." Gari linawekwa. Herufi za kwanza zinaonekana ndogo, zinaongezwa. Za pili zinatiwa moto. Katika robo saa kazi imekwisha, na kwa kweli kijana yule amefanya maajabu kwa kile alichopewa. Hajausikia wimbo, hajaiona video, na hakuna aliyemweleza kwamba wimbo unahusu mama aliyebaki Makete na ndugu waliotawanyika mjini. Simlaumu hata kidogo.

Kuna sababu ya kiufundi inayoifanya fremu ya video kuwa malighafi duni ya bango, na wanafunzi wangeijua mapema wangeokoa fedha. Fremu moja ya video ya kawaida yenye ukubwa wa 1920 kwa 1080 ina pikseli, yaani vidoti vidogo vinavyoiunda picha, milioni 2 hivi. Karatasi ya A3 ikichapwa kwa pikseli 300 kwa inchi inahitaji zaidi ya milioni 17, na hata ukikubali 150 kwa inchi, kiwango kinachotosha bango la ukutani, bado unahitaji zaidi ya milioni 4. Printa hailitatui pengo hilo; inachofanya ni kuzivimbisha pikseli chache zilizopo hadi sura ya mtu inakuwa kama uji. Lipo pia suala la mwendo. Video ya fremu 25 kwa sekunde hurekodiwa kwa kawaida huku kila fremu ikipokea mwanga kwa sehemu moja ya 50 ya sekunde, jambo linalolifanya jicho lione mwendo laini. Lakini ukiisimamisha fremu moja, mkono uliokuwa ukipungwa umekuwa wingu na macho yamefumba nusu. Simu hiyohiyo iliyorekodi video, ikitumiwa kupiga picha ya kawaida, mara nyingi hutoa picha ya pikseli milioni 12 au zaidi. Kinachotakiwa ni kusimamisha muziki, kumwambia msanii atulie, na kupiga.

Nchini Uingereza, kwa miaka mingi, wanafunzi wengi wa A-level katika somo la Media Studies waliochagua kutengeneza video ya wimbo walikuwa wakitengeneza pia kava la albamu na tangazo la jarida, kisha wakaulizwa kazi hizo zinashirikiana vipi. Naupenda utaratibu ule kwa sababu ya swali hilo la mwisho, maana humlazimisha mwanafunzi kuamua mapema msanii wake ni mtu wa namna gani, anavaa nini, rangi zake ni zipi na anatazama wapi. Sioni haja ya kuuiga mtihani wao wote. Tena hatuhitaji kwenda mbali kiasi hicho, kwa sababu kwaya zetu za makanisani zililijua jambo hili zamani. Kumbuka kanda na VCD zilizouzwa nje ya kanisa baada ya ibada: wanakwaya wamejipanga kwa sare ileile iliyomo kwenye video, mbele ya maporomoko yaleyale au bustani ileile, na jina la kwaya na usharika limeandikwa mahali ambapo bibi asiyeona vizuri angeweza kulisoma. Mtu aliyeguswa na kwaya Jumapili aliitambua kanda yake Jumatatu sokoni bila kuuliza. Kwa ubunifu unaweza kuzikosoa unavyotaka, lakini kava lilikuwa mtoto halali wa video.

Sasa nije kwenye kile ambacho sisi wa Nyanda za Juu tunacho na tunakitupa. Wanafunzi wetu wanahangaika kutafuta bwawa la hoteli na gari la kuazima ili video ifanane na za Dar es Salaam, na wakati huohuo wanaukimbia ukungu ambao watu wa pwani wangeununua kama ungeuzwa. Katika Uporoto, Tukuyu, Njombe na Mufindi, asubuhi ya ukungu huusambaza mwanga kutoka kila upande, vivuli vikali vinatoweka, na ngozi nyeusi inapigwa picha kwa upole ambao jua la saa sita mchana halitoi kamwe. Jua likiwa utosini, macho huzama kwenye vivuli na paji la uso hung'aa. Ndiyo sababu mabango mengi yana wasanii waliovaa miwani myeusi, na sidhani kama wote waliivaa kwa mbwembwe.

Ukungu una masharti yake, hata hivyo. Kamera inayojipangia mwanga yenyewe huuona weupe mwingi, ikadhani mwanga umezidi, ikaifanya picha nzima kuwa na giza. Kwa hiyo inabidi kuongeza mwanga kidogo kwa mkono ili uso uonekane. Betri huisha haraka kwenye baridi, na iliyo ya akiba ikae mfukoni karibu na mwili. Ukitoka kwenye baridi na kuingia chumba chenye joto, lenzi hupata umande, hivyo kamera iachwe ndani ya begi lake kwa muda kabla ya kufunguliwa. Zaidi ya yote, ukungu hula rangi hafifu. Nililishuhudia hilo kwa kikundi kimoja kilichokuwa kikirekodi Uporoto: waimbaji wawili walikuwa wamevaa sweta za kijivu na walipotea kabisa kwenye picha, wakati binti aliyekuwa ameletwa kushika spika tu, amejifunga kitenge cha rangi ya chungwa juu ya koti, alionekana kutoka mbali kama ndiye mwenye wimbo. Mpiga picha, kijana mwenye akili, akamwomba dada yule awaazime kitenge. Akamfunga nacho mwimbaji mkuu, akamsimamisha kwenye tuta, akasubiri upepo utulie. Matone ya umande yalikuwa yameshika kwenye nyuzi za sweta na kwenye kope, na kwa sababu alikuwa anapiga picha badala ya kurekodi, kila tone lilitoka. Ile ndiyo iliyokuja kuwa bango, na haikuhitaji mng'ao wala gari.

Kuhusu mahali pa kurekodia, nitasema machache. Kitulo, ambayo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, inavutia kila kikundi kwa sababu ya maua, lakini maua huchanua zaidi kati ya Desemba na Aprili, msimu ambao mvua na matope huweza kukulaza njiani, na ndani ya hifadhi huwezi kurekodi bila kibali. Mistari ya chai ya Mufindi na Tukuyu, safu za misonobari ya Sao Hill, nguzo za mawe za Isimila au jiwe la Gangilonga juu ya mji wa Iringa vina umbo ambalo tayari ni nusu ya bango, mradi umepata ruhusa ya wenyewe. Na anayetaka kurusha droni aelewe kwamba nayo ina vibali vyake, wala udogo wa kazi ya mwanafunzi haumwondolei wajibu huo. Mimi nadhani video za wanafunzi zina picha za droni kupita kiasi. Hakuna bango zuri ambalo msanii ni nukta.

Jambo linaloniudhi zaidi ni herufi. Bango la mwanafunzi linabeba jina la wimbo, la msanii, la mshirikishwa, la prodyuza, la dairekta, la studio, la chuo, nembo za wafadhili waliotoa maji ya kunywa, na neno "inakuja" lenye alama tatu za mshangao, kila kimoja kwa mwandiko wake. Mchora vibao wa saluni pale Mwanjelwa hafanyi hivyo. Rangi inamgharimu na ukuta una mwisho, kwa hiyo huanza kwa kupima, akachora mistari miwili ya chaki, akaweka jina kubwa na huduma chini yake, akaondoka. Kompyuta imetuondolea gharama na pamoja nayo nidhamu. Kwa bango la wimbo, jina la wimbo na la msanii vinatosha kusomwa kutoka upande wa pili wa barabara. Wengine wote waandikwe kwa herufi ndogo za aina moja, na majina yao kamili yawekwe mwishoni mwa video, mahali pa heshima yao.

Hapa ndipo upangaji wa mapema unapolipa tena, kwa sababu picha moja italazimika kuvaa nguo nyingi. Kava la wimbo ni mraba, na majukwaa ya kusikilizia muziki hupendelea pikseli 3000 kwa 3000. Picha ya YouTube ni ya kulala, 16 kwa 9. Stetasi ya WhatsApp ni ya kusimama. Bango la ukutani nalo lina umbo lake. Mpiga picha anayejua hivyo humpiga msanii akiwa ameacha anga juu ya kichwa na nafasi upande mmoja, ili herufi zipate pa kukaa bila kumkanyaga usoni. Asiyejua hujaza fremu kwa uso, na kesho yake dizaina anaanza kuumba mbingu ya bandia. Faili litumwe kama hati, maana WhatsApp hubana picha zinazotumwa kwa njia ya kawaida. Na kabla ya kuchapa nakala nyingi ichapwe moja, kwa kuwa wino wa printa hauwezi kuzifikia baadhi ya bluu na kijani zinazowaka kwenye kioo. Nimeona kijani cha chai kikitoka mashineni kama majani yaliyokwisha kukauka.

Suala la haki silipitii kwa urefu, ila lisipuuzwe. Tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na picha ya maghorofa iliyookotwa intaneti ina mwenyewe kama wimbo ulivyo na mwenyewe. Kuutumia wimbo wa mtu kwa zoezi la darasani na kuupandisha YouTube ukiwa na bango ni mambo mawili tofauti, na mtandao ule una mfumo wa kutambua sauti ambao hautasubiri maelezo yako. Kikundi kinachopiga picha yake chenyewe kimeshajiondolea nusu ya tatizo, na kimepata kitu cha kumwandikia mpiga picha jina.

Najua pingamizi nitakalopewa na walimu wenzangu, kwamba siku ya kurekodi ni fupi, kamera ya chuo ni moja na vikundi ni vingi. Ni kweli. Lakini picha ya bango inahitaji dakika 20 za asubuhi na simu ya mmoja wao, huku kamera kubwa ikifungwa kwenye miguu yake kwa ajili ya ubeti wa kwanza. Kinachohitajika kabla ya hapo ni uamuzi, na uamuzi haushiki nafasi kwenye begi. Kwa hiyo ningependa siku ya kuwasilisha hadithi ya video, kila kikundi kilete pia mchoro wa bango kwa kalamu ya risasi: msanii amesimama wapi, amevaa rangi gani, jina linakaa upande upi. Mchoro uwe mbaya kiasi chochote. Kisicho nao kisikabidhiwe kamera.